Mtoe Baba Siku ya Tatu

Songwa, Shinyanga
6 Machi 1976

Kwa Mwaisha Akida,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Miaka tisa ni mingi kwa watu wawili wanaojua kuandika, lakini leo sikuandikii juu ya hilo.

Aliyekuletea barua hii ni Mihayo, dereva wa lori la chumvi. Amekuletea pia chupa nne za kahawa zenye maji ya rangi ya chai. Usiyamwage. Yamelowekwa majani makavu ya mkungu, mti uleule uliokuvunja mkono ulipoukwea, nilioupanda kwa kokwa niliyotoka nayo Pangani mwaka 1936. Ndani ya kila chupa kuna samaki mmoja mdogo. Ni beta, wale samaki wapiganaji wa Bwana Pereira, yule mfamasia Mgoa wa hospitali yetu. Alipoondoka alinikabidhi jozi moja, akaniomba kizazi kisikatike. Ulikuwa ukiwawekea kioo ili wapandwe na hasira, nami nikikukataza.

Walianguliwa tarehe 20 Desemba, kwa hiyo leo wana wiki kumi na moja. Hapa ndipo watu hukosea. Samaki wa wiki kumi na moja hutanua mapezi akajiona mtu mzima. Bado. Usimuunganishe dume na jike kabla ya miezi minne, yaani kabla ya 20 Aprili. Na miezi minne ikitimia, usitazame kalenda peke yake. Dume aliyekomaa hujenga kiota cha povu juu ya maji bila kufundishwa. Jike aliyekomaa hujaa tumbo, na chini yake hutokeza kidoa cheupe kama punje ya chumvi. Akimwona dume, mwili wake huchora milia ya wima. Milia ikilala, anaogopa; mwache kwanza.

Chakula chao ni viluwiluwi vya mbu. Nimeandika kwenye kila chupa: madume wawili, majike wawili.

Nimekuletea wewe kwa sababu hapa hakuna mwingine anayejua tofauti ya samaki na mboga.

Akida Sabiti


Kalangalala, Geita
28 Machi 1976

Baba, shikamoo.

Wamefika wote wanne wazima, hata baada ya kulala njiani wakingoja kivuko cha Busisi. Mume wangu, Maige, amewachongea rafu ukutani, mbali na jua. Utakumbuka ni fundi seremala. Hukuwahi kuuliza, lakini ni fundi mzuri.

Mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, alizitazama zile chupa kwa muda mrefu. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, baba yako amenyamaza miaka tisa, halafu anakuletea dagaa wanne walio hai? Hata kwa kitoweo cha mtu mmoja hawatoshi." Nikamwambia hawa hawaliwi. Akasema, "Basi ni wageni. Na mgeni siku ya tatu mpe jembe."

Nina swali. Chupa ya tatu umeandika JIKE. Huyo jike tangu juzi anajenga povu, na jirani yake akimwona wanataka kupigana kupitia kioo. Labda huku Geita majike ndio hujenga nyumba. Mtaani kwetu ndivyo ilivyo.

Habari nyingine. Wanatafuta walimu wa shule za msingi, maana sasa kila mtoto lazima aingie darasani. Nilikwenda kuomba. Karani akataka cheti changu cha darasa la nane. Nikamweleza kwamba kililiwa na mchwa nyumbani kwetu Songwa mwaka 1966. Akaweka kalamu chini. "Mama, mchwa wa nchi hii wamesoma kuliko wananchi. Kila wiki nasikia wamekula cheti." Ofisi nzima ikacheka. Amesema nafasi iko wazi hadi mwisho wa Septemba, ila bila cheti nisijisumbue. Kwa hiyo naendelea na cherehani.

Umeandika kwamba wiki kumi na moja ni mapema, na kwamba mtu atazame dalili. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nikataka kwenda chuo cha ualimu, ulisema bado. Ulikuwa unatazama dalili gani, baba?

Mwanao,
Mwaisha


Songwa
18 Aprili 1976

Kwa Mwaisha,

Marahaba. Kuhusu chupa ya tatu: wakiwa wadogo hufanana. Nilikosea. Una madume watatu na jike mmoja, kwa hiyo huyo jike mtunze sana.

Kesho kutwa wanatimiza miezi minne. Ukiona dalili nilizokuandikia, fanya hivi. Chukua karai pana, maji ya kina cha kiganja, na jani moja la mkungu juu yake. Mtie dume. Mtie jike katikati, ndani ya chemni ya taa iliyosimamishwa, ili waonane bila kugusana. Siku mbili. Kiota kikiwa tayari na milia ya jike imesimama, inua chemni polepole. Watakumbatiana chini ya povu mara nyingi, na mayai yataanguka kama chembe za sembe. Dume atayaokota kwa mdomo na kuyapandisha kwenye povu. Wakimaliza, mtoe jike siku hiyohiyo. Mwache dume na mayai.

Kuhusu ofisi ya elimu, sina la kusema. Mchwa wa Songwa ni wengi.

Akida Sabiti


Kalangalala
23 Mei 1976

Baba, shikamoo.

Nimewaua wajukuu wa Bwana Pereira, na nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Nilingoja hadi tarehe kumi Mei. Kidoa cheupe kilitokea, milia ikasimama. Nikainua chemni kama ulivyosema. Baba, sikujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kukumbatia kwa adabu namna ile. Nikaacha kushona. Jirani yangu Apolonia aliyeleta gauni lake la kipaimara naye akasimama pale pale na pini mdomoni.

Mayai yalipokwisha, nikasoma barua yako: mtoe jike, mwache dume. Nikaisoma kwa sauti. Apolonia akasema, "Shoga, mzee amekosea. Nani amewahi kuona baba analea kichanga na mama yupo?" Mama mkwe akasema, "Huyo atayaacha mayai aende kwenye pombe." Nikakumbuka kwamba ulishakosea mara moja kwenye chupa ya tatu. Basi nikamtoa dume, nikamwacha mama na mayai yake.

Asubuhi hapakuwa na yai hata moja. Mama amevimba tumbo, anazunguka karai kama mtu aliyetoka karamuni.

Sasa niambie bila kunifichaficha: kwa nini baba?

Na jambo la pili. Njoo mwenyewe unionyeshe. Maige anasema yuko tayari kukufuata Songwa. Mtoto wetu amefika miaka minane na anamjua babu yake kwa kuhadithiwa tu.

Mwaisha


Songwa
13 Juni 1976

Binti yangu,

Usijilaumu. Bwana Pereira naye alilikosea hilo mwanzoni, na alikuwa mfamasia.

Umeuliza kwa nini baba. Sijui sababu. Najua namna tu. Jike akishataga, kazi yake imekwisha, naye huyaona mayai kuwa chakula. Dume ndiye hukaa chini ya povu. Hali chakula. Yai likidondoka, huliokota akalirudisha. Siku mbili baadaye watoto huanguliwa, nao hawajui kuogelea, huning'inia kwenye povu mkia ukiwa chini. Mmoja akianguka, baba hushuka, humtia mdomoni, humpandisha. Mchana na usiku. Nimewahi kuhesabu: mara arobaini na moja katika saa moja.

Mama yako, Kijakazi, alipofariki ulikuwa na miaka minne. Watu wa Pangani walioniandikia walitaka nikupeleke kwa shangazi. Wa hapa walitaka nioe. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilijifunza kusuka nywele kwa mke wa mpishi wa hospitali, nikasuka vibaya, ukaenda shule hivyo hivyo. Sikuelezi hayo ili unishukuru. Umeuliza juu ya samaki.

Mrudishie jike nguvu kwa wiki tatu, kisha ujaribu tena. Safari hii mwache baba na watoto. Chakula cha watoto: loweka kipande cha jani la kabichi kwenye maji kwa siku nne. Humo huzaliwa wadudu wasioonekana kwa macho. Watilie matone machache asubuhi na jioni.

Kuja sitaweza. Barabara ni mbaya baada ya mvua, na mwenye samaki hasafiri.

Akida Sabiti


Kalangalala
25 Julai 1976

Baba, shikamoo.

Walianguliwa tarehe nane Julai. Nilifanya kila ulichoandika, na safari hii sikumsikiliza Apolonia wala mtu mwingine.

Nilimwona baba yao akiokota. Siku ya kwanza, siku ya pili, hakuchoka. Mama mkwe aliacha kupepeta mchele, akavuta kigoda. Akasema, "Kumbe baba wa hivi wapo." Kwa Bi Nyamizi hiyo ni hotuba.

Siku ya tatu watoto wakaacha kuning'inia. Wakaanza kuogelea kilalo, mwili umelala sawa na maji, kama samaki wakubwa, huku na huku, mbali na povu. Yule baba akapata wazimu. Kila aliyetoka alimkimbilia, akamtia mdomoni, akamrudisha kwenye povu, naye akatoka tena. Walikuwa zaidi ya mia. Alifanya hivyo siku nzima na siku ya pili yake. Siku ya tano akawa anawatia mdomoni na hawatemi.

Nilipogundua, nikamtoa kwa bakuli. Wamebaki kumi na tisa.

Baba, umenilea kwa orodha. Kufua shati jeupe kulikuwa na hatua, kuwasha jiko kulikuwa na hatua, na hatua ya mwisho hukuisahau hata siku moja. Barua yako imeishia "mwache baba na watoto". Umefuga samaki hawa miaka kumi na miwili. Hukujua kwamba siku ya tatu lazima atolewe?

Kuna lingine. Barua ya kwanza mistari yako ilikuwa imenyooka kama ya chapa. Hii ya mwisho maneno yanapanda juu ya mengine. Mihayo amepita hapa. Nilimbana, akakubali kwamba siku ile ulikuwa unazitambua chupa kwa kuzipapasa. Alisema, "Mzee ananiuliza, Mihayo, huyu ana mapezi marefu au mafupi? Na mimi nimezoea kupakia chumvi, nitajuaje?"

Macho yako yakoje?

Na mbona umenieleza kila kitu ila hatua ya mwisho?

Mwaisha


Songwa
15 Agosti 1976

Mwanangu Mwaisha,

Barua hii nimeiandika kwa siku nne, asubuhi tu, mlangoni penye mwanga. Samehe mwandiko.

Jicho la kulia halioni kitu. La kushoto linaona kama mtu anayetazama kupitia karatasi ya mafuta. Daktari anasema ni mtoto wa jicho na kwamba wa kushoto anaweza kupasuliwa. Wale wanne niliokuletea ndio walikuwa wa mwisho. Chupa zangu ni tupu tangu Machi. Niliposema mwenye samaki hasafiri, sikuwa na samaki.

Hatua ya mwisho naijua. Niliiandika katika barua ya Juni: watoto wakianza kuogelea kilalo, siku ya tatu, mtoe baba, maana hajui kwamba kazi yake imekwisha. Ataendelea kuwarudisha, na mwisho atawala. Niliandika, nikasoma, nikaikata karatasi kwa mkasi na kuandika upya bila maneno hayo. Sikuweza kukuletea sentensi ile kwa mkono wangu.

Mwaisha, cheti chako hakikuliwa na mchwa.

Ulipokiweka mezani mwaka 1966, pamoja na ile fomu ya chuo, nilikitazama nikaona safari. Mimi niliondoka Pangani na miaka kumi na minane, nikimwahidi mama yangu mwaka mmoja. Sikumwona tena. Nilijua mtu akitoka nyumbani huwa hatoki kwa mwaka mmoja. Ulipolala nilikichukua nikakitia ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za marehemu mama yako. Kisha nikachukua karatasi nyingine, nikaiweka kwenye kichuguu nyuma ya choo kwa siku tatu, nikakuonyesha mabaki. Ulilia. Nami nikakuchemshia uji.

Umeniuliza nilikuwa natazama dalili gani. Dalili zote ulikuwa nazo. Ulikuwa unaweka hesabu za nyumba na kuwafundisha kusoma watoto wa majirani pale barazani, nami niliona. Nilisema bado kwa sababu mimi ndiye nilikuwa bado. Mwaka uliofuata ukaondoka na Maige kwenye lori la mbao, nami nikawaambia watu kwamba umeniasi.

Kiko salama. Jina lako linasomeka, na muhuri haujafifia. Nimemwomba Mihayo athibitishe. Niambie nikitume kwa rejista au nimpe yeye. Septemba iko karibu.

Sikustahili kuuliza hili hapo awali. Mtoto wenu anaitwa nani? Wenzangu wangekuita mama wa fulani. Mimi sina jina la kulitumia.

Baba yako,
Akida


Kalangalala
12 Septemba 1976

Baba,

Sikukujibu kwa wiki nne. Wiki ya kwanza nilimwambia Maige avunje ile rafu. Alichukua nyundo, akaenda akaketi nayo barazani hadi hasira zangu zikapoa, kisha akairudisha mahali pake. Wiki ya pili nilishona sare thelathini za shule bila kusema na mtu. Wiki ya tatu tulikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani na nikawa na njaa ya kutosha nisiweze kukasirika sawasawa.

Miaka kumi nimewaambia watu habari za mchwa. Nimechekwa na makarani wa ofisi mbili. Siwezi kusema haikuwa kitu. Ilikuwa kitu, baba, na ungekuwa hapa ningekwambia kwa sauti ambayo mtaa mzima ungesikia.

Kwa hiyo uwe hapa. Cheti usikitume kwa rejista. Mihayo usimpe, atakifungia karanga. Kilete mwenyewe mkononi. Maige anaondoka kesho na atafika pamoja na barua hii; atakusomea, kisha mtarudi wote. Ukimwambia habari ya barabara, ameelekezwa asikusikie. Mama mkwe amesema chumba cha uani ni chako, na kwamba mgeni wa kutoka mbali hivyo hapewi jembe siku ya tatu. Atakupa siku ya nne.

Njoo tule Idd pamoja, kisha utanishika mkono hadi kwa yule karani. Nataka amwone mchwa mwenyewe.

Wale kumi na tisa wako wazima. Watatimiza miezi minne tarehe nane Novemba, na wakati huo, karani akikubali, mimi nitakuwa kwenye mafunzo Mwanza. Apolonia hawezi kuachiwa samaki. Unaona basi kwamba nina shida.

Mtoto anaitwa Kijakazi. Hukuwahi kuuliza.

Mwaisha


Kalangalala, Geita
5 Desemba 1976

Kwa Mwalimu Mwaisha, Mama Kijakazi,

Marahaba mapema, maana najua umeanza na shikamoo kimoyomoyo. Mwandiko huu ni wa Kijakazi. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiona neno halina maana ananiambia. Jicho litapasuliwa Januari. Bi Nyamizi amenipa jembe kama alivyoahidi. Nimelima matuta mawili ya viazi kwa kupapasa, naye anasema yamepinda kama njia ya mlevi.

Sasa samaki. Tarehe nane Novemba walitimiza miezi minne. Umri ulikuwa umetosha, lakini sikuwaunganisha. Nilimwambia Kijakazi anisomee dalili. Akaniambia yule jike mwekundu ana milia ya kulala. Tukangoja. Kila asubuhi nilimuuliza, kila asubuhi akaniambia, "Bado, babu." Ni neno gumu kulisikia unapokuwa upande wa pili. Tarehe ishirini na mbili alikuja akikimbia. Milia imesimama, na kidoa kimetokea. Nilimuuliza mara mbili. Akaniambia, "Babu, nimeona mimi." Basi nikainua chemni.

Walianguliwa tarehe ishirini na tano. Sikuona kitu, ila Kijakazi alinihesabia: mara hamsini na mbili katika saa moja. Huyu amempita wa Songwa.

Siku ya tatu asubuhi, tarehe ishirini na nane, alisema, "Wanakwenda kilalo." Nikamwambia achukue bakuli. Akaniuliza kama baba yao hatalia. Nikamwambia sijui, ila amtoe.

Akida Sabiti

Mama, hapa naandika mimi mwenyewe. Nilimtoa polepole sana. Babu alishika karai lisitikisike. Watoto ni wengi, sijamaliza kuwahesabu. Baba yao tumemweka kwenye chupa ya kahawa, na babu akasema tuisogeze karibu na karai ili awaone.

Kijakazi Maige